Dozi Haikumezwa: Namna ya Kumwarifu Daktari Ukiwa Makao ya Wazee

Hajjati mmoja Mnubi, mzaliwa wa Bombo, alikuwa na leso yenye fundo pembeni. Wauguzi wote katika makao yale tulidhani amefungia hela ya SAGE, zile shilingi 25,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa waliofika miaka 80. Siku alipoanguka akitoka chooni ndipo tulipolifungua lile fundo. Ndani mlikuwa na vidonge kumi na kimoja vya amlodipini, dawa ya presha, vingine vimeanza kumeguka. Kwenye chati ya dawa kila kisanduku kilikuwa na saini. Mbili kati ya hizo zilikuwa zangu.

Kilichotangulia ni hiki. Wiki tatu nyuma daktari alikuja, akampima presha, akakuta 178/96. Akaiangalia chati, akaona mama huyu anameza dawa kila siku bila kukosa, akafanya ambalo daktari yeyote angefanya: akapandisha amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10, na juu yake akaongeza losartani 50. Baadaye akaja muuguzi mpya, mkali kidogo, asiyeondoka kitandani hadi amwone mzee amemeza. Hajjati akaanza kumeza kweli, na dozi zote mbili kubwa. Siku ya nne presha ilikuwa 92/54 naye yuko sakafuni.

Daktari hakukosea, wala muuguzi mkali hakukosea. Tuliokosea ni sisi tuliotia saini kidonge tusichokiona kikishuka kooni. Tangu siku ile nimekuwa nikiwafundisha wenzangu kwamba chati yenye nafasi wazi haiwezi kumdhuru mgonjwa kama chati iliyojaa uongo, na mwongozo huu umetokana na mafunzo hayo.

Hapa Uganda wazee wengi hukaa nyumbani kwa watoto na wajukuu. Makao ya wazee ni machache, na mengi ni ya kanisa, kama yale ya Nalukolongo jijini Kampala ambayo Papa Francis aliyatembelea Novemba 2015. Ni nadra makao kuwa na daktari anayelala hapo hapo. Daktari huja kwa zamu, pengine mara moja kwa wiki, siku nyingine ni simu tu. Kwa hiyo muuguzi, au hata mhudumu asiye muuguzi, ndiye jicho la daktari siku sita kati ya saba.

Kwanza: ujue hasa kilichotokea

"Hajanywa dawa" ni maneno mawili yenye mambo matano ndani yake. Huenda mzee amekataa. Huenda alikuwa amelala, yuko msalani, au amepelekwa kijijini kwa maziko. Huenda dawa yenyewe imekwisha na jamaa hawajaleta nyingine. Huenda ameinywa kisha akaitapika au kuitema. Na huenda sisi wenyewe tumesahau. Kila moja lina jibu lake, na daktari hawezi kukupa jibu la kufaa iwapo umemwambia tu "hajanywa".

Kwenye chati, tumieni herufi ambazo kila mtu wa zamu anazijua, na ziandikwe maana yake chini ya ukurasa. Sisi tuliweka A kwa aliyekataa, L kwa aliyelala, N kwa aliyekuwa nje, H kwa dawa haipo, T kwa aliyetapika na S kwa tumesahau. Herufi huzungushiwa duara ili ionekane kwa mbali, kisha nyuma ya karatasi unaandika sentensi moja ya sababu. Kisanduku kisibaki kitupu, maana kitupu hakisemi kama dawa haikutolewa au saini ndiyo iliyosahauliwa, na muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kumpa mzee dozi ya pili.

Na sheria isiyo na mjadala: saini huja baada ya kumeza. Wapo wanaotia saini asubuhi yote kwa mkupuo huku wakinywa chai, kisha ndipo wanagawa dawa. Ndivyo nilivyozitia zile mbili zangu.

Pili: kaa naye kabla ya kushika simu

Wazee wetu wana adabu hata wakikataa. Mzee wa Kiganda au wa Kisoga hatakuambia "sitaki". Atasema "weka hapo, Musawo, nitakunywa." Atasema "baadaye." Atashukuru sana, atakuombea baraka, na kidonge kitakwenda chini ya mto. "Baadaye" si kumeza. Ondoka na kidonge chako, rudi baada ya nusu saa, na kama bado, andika A.

Unaporudi, usianze na dawa. Anza na habari ya usiku, miguu, wajukuu. Halafu uliza swali lisiloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana: "Jajja (yaani bibi au babu), dawa hii ukiinywa inakufanyaje?" Nimejibiwa mengi kwa swali hilo moja. Inanipeleka haja ndogo usiku kucha naogopa kuanguka. Inanikwama hapa kifuani. Inaniletea kikohozi. Mwanangu analipia hela nyingi, namwonea huruma. Kila jibu kati ya hayo daktari anaweza kulifanyia kitu: saa ya kunywa furosemaidi, dawa inayoongeza mkojo, hubadilishwa, kidonge kikubwa hubadilishwa kwa dawa ya maji, na kaptoprili, dawa ya presha inayoleta kikohozi kikavu, hubadilishwa kwa dawa ya kundi jingine.

Kuna sababu moja ambayo vijana huidharau nami naiweka juu kabisa: kidonge kimebadilika sura. Famasia imeleta dawa ile ile ya kiwanda kingine, jana kilikuwa cheupe cha duara, leo ni cha njano kirefu. Mzee anayeona vizuri na mwenye akili timamu anakataa, tena ana haki. Mwoneshe boksi la zamani na jipya, msomee jina kwa kidole. Na kabla hujamlaumu kwa ukaidi, hakikisha wewe mwenyewe kwamba kweli ni dawa ile ile, maana siku nyingine yeye ndiye anayekuokoa.

Ramadhani ina mpango wake. Mzee Mwislamu akikataa dawa ya mchana hajagoma, anafunga. Kosa ni kungoja hadi mwezi uandame ndipo umpigie daktari. Mpigie wiki mbili kabla, umuulize dawa zipi zisogezwe futari na daku, na kwa mwenye kisukari, kama ni salama kwake kufunga. Mkiwa na shehe wa karibu, mwiteni azungumze na mzee kuhusu ruhusa ya mgonjwa kutofunga. Neno lake litasikika kuliko letu. Kwa mlokole aliyeombewa Jumapili na Jumatatu akasema amepona, usibishane juu ya imani. Mwombe akubali upime presha au sukari, muangalie namba pamoja, kisha namba hiyo umpelekee daktari.

Uliza pia kuhusu miti shamba. Mululuza, yale majani machungu, huletwa kwenye chupa ya soda na jamaa wenye nia njema, na mzee akisema "nimeshakunywa dawa yangu" huenda ndiyo anayoimaanisha. Mwandikie daktari: nini, kiasi gani, tangu lini.

Hapa niseme jambo moja la makatazo. Usimfichie mtu dawa kwenye uji au matoke bila uamuzi wa daktari na familia ulioandikwa. Mtu mwenye akili timamu akikataa, amekataa. Aliyepoteza kumbukumbu naye ana utaratibu wake, na utaratibu huo haupitishwi na mpishi wala muuguzi wa zamu peke yake. Tena vidonge vingine havisagwi. Nifedipini ya kutoa dawa taratibu, ile ya miligramu 20 iliyojaa kwenye famasia zetu, ukiisaga inamwaga dawa yote mara moja na presha inaporomoka. Kama mzee hawezi kumeza kidonge kizima, hiyo nayo ni habari ya kumpelekea daktari, usiitatue kwa kinu.

Tatu: pima

Kabla ya simu, chukua presha, mapigo ya moyo, joto, pumzi kwa dakika, na oksijeni kama mna kile kifaa cha kidole. Mwenye kisukari, pima sukari. Angalia kama anaongea kama kawaida, kama uso umepinda upande, kama anakohoa akinywa maji.

Mzee aliyekuwa akinywa dawa bila shida miezi yote, leo ghafla anafunga mdomo, anasukuma mkono, anakuita jina la marehemu dada yake: huyo hajakataa dawa, huyo anaumwa. Malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, kiharusi, hata choo kigumu cha siku nyingi, vyote huanza hivyo kwa wazee. Mpime malaria kwa kipimo cha haraka kama mnacho, na simu hiyo ni ya sasa hivi. Usiseme "amekataa dawa". Sema "amebadilika tangu jana, na miongoni mwa mabadiliko hayo amekataa dawa".

Nne: sasa hivi, leo, au siku ya daktari?

Muuguzi anayepiga simu kwa kila vitamini iliyotemwa hatasikilizwa siku ya insulini. Na asiyepiga kabisa, mnajua mwisho wake. Njia bora ni kukaa na daktari mara moja, siku ya utulivu, mkapitia dawa za kila mzee na kuzitia alama kwenye chati: nyekundu, njano, kijani. Yeye ndiye anayeamua rangi, kwa maana anaijua historia. Ninayoandika hapa ni mwanzo wa mazungumzo hayo.

Nyekundu ni simu papo hapo. Insulini iko mbele, na hatari yake ina sura mbili. Dozi isiyochomwa hupandisha sukari. Iliyochomwa, kisha mzee akakataa kula, huishusha, na hii ya pili huua haraka zaidi. Glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, ni vivyo hivyo: amemeza kidonge, hajala, na dawa hii hukaa mwilini mwa mzee saa nyingi, kwa hiyo sukari inaweza kushuka tena jioni baada ya kupanda mchana. Sukari ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) naye yuko macho na anameza, mpe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari kwanza, pima tena baada ya dakika 15, simu ifuate. Kama hajitambui usimtie kitu mdomoni, huyo ni wa hospitali.

Nyekundu pia ni dawa za kifafa, fenitoini, karbamazepini, valproeti, kwani dozi chache zilizokosekana zaweza kuleta degedege lisilokatika. Levodopa ya ugonjwa wa Parkinson: ikichelewa, mwili unakakamaa na koo linashindwa kumeza, na hapo hata dozi inayofuata haipiti. Prednisoloni kwa aliyeinywa zaidi ya wiki tatu, maana mwili umeacha kutengeneza homoni yake, na kuikata ghafla kunaweza kuleta kutapika, presha kushuka na kuzimia. Atenololi na ndugu zake, dawa zinazopunguza kasi ya moyo, kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Klozapini kwa waliotibiwa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili: ikikatika zaidi ya saa 48 hairudishwi kwa kiasi kile kile, huanzwa upya kidogo kidogo, kwa hiyo usimpe tu "aendelee" bila kuuliza.

Na morfini ya maji. Uganda ina sifa duniani kwa dawa hii tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kuwapunguzia maumivu wenye magonjwa mazito, kuiandika. Hutolewa kila baada ya saa nne kwa sababu nguvu yake huisha kwa muda huo. Ukiruka dozi moja, maumivu yanarudi yote, na kuyatuliza upya ni kazi ngumu kuliko kuyazuia. Akikataa kwa sababu ana usingizi mzito mno au anapumua polepole, usimlazimishe hata tone. Piga simu. Akikataa kwa sababu jirani alimwambia morfini ni ya wanaokufa, mpigie muuguzi wa tiba shufaa aje aongee naye.

Njano ni simu kabla jua halijazama: warfarini (ya kuzuia damu kuganda), dawa za presha zilizokosekana siku mbili mfululizo au hata mara moja ikiwa namba imepanda sana, antibayotiki, dawa za kifua kikuu, dawa za kufubaza VVU. Kwa hizi za mwisho, tafadhali, shusha sauti. Usisimame koridoni ukitaja jina na dawa katika pumzi moja. Nimeshuhudia mzee akihamishiwa meza ya peke yake kwa sababu ya simu iliyopigwa kwa sauti kubwa.

Kijani husubiri siku ya daktari: vitamini, dawa ya choo, omeprazoli, kidonge kimoja cha kolesteroli. Lakini kijani ikikataliwa siku tatu mfululizo haibaki kijani, imeshakuwa tabia, na tabia ina sababu.

Niongeze kitu kinachowashangaza wengi: kuna siku kutokumeza ndiko salama. Mzee anaharisha na kutapika, hali wala hanywi maji. Metformini, furosemaidi, losartani au kaptoprili zinaweza kumwumiza figo siku hiyo. Mwenye digoksini, dawa ya moyo, ambaye mapigo ya moyo yako chini ya 60 humpi hadi daktari aseme. Hapo unampigia kumwambia "nimezuia, kwa sababu hii", naye aseme hadi lini.

Tano: saa, jamani, saa

Sisi tunasema saa mbili asubuhi, Waganda wanasema hivyo hivyo kwa lugha yao, na hakuna anayepotea. Shida huja mazungumzo yanapochanganyika na Kiingereza, na hapa kwetu yanachanganyika kila dakika. Muuguzi anaandika "amekosa dozi ya saa 8" akimaanisha baada ya chakula cha mchana. Daktari anasoma nane ya Kizungu, ya asubuhi, na anaamua dozi inayofuata kwa kuhesabu saa sita zaidi ya zilizopita. Kwa morfini au insulini, saa sita ni nyingi.

Kwenye karatasi andika kwa mtindo wa saa 24: 08:00, 14:00, 20:00. Mdomoni sema saa yetu pamoja na sehemu ya siku, na kama daktari anaongea Kiingereza, taja zote mbili. Utaonekana mrefu wa maneno, si neno.

Jina la dawa nalo linakiliwe kutoka kwenye boksi, herufi kwa herufi. "Kidonge cheupe cha presha" si jina.

Sita: simu yenyewe

Keti mahali pa kimya, chati mbele yako, kalamu mkononi, salio kwenye simu. Hilo la salio si mzaha. Simu iliyokatika katikati ya "mpe nusu ya..." ni hatari kuliko simu isiyopigwa.

Simu mbaya huwa hivi: "Daktari, samahani kukusumbua, yule Jajja wetu leo anasumbua kidogo, hataki kula, hata dawa sijui." Daktari yuko barabarani Jinja Road, foleni imesimama, bodaboda zinapiga honi. Atajibu "mpe muda, nitapita Alhamisi."

Nzuri hufuata mpangilio wa mambo manne: nani na nini, historia fupi, unaonaje, unaomba nini. Kwa mfano:

"Daktari, habari za asubuhi. Ni muuguzi wa zamu, makao ya wazee. Napiga kuhusu Jajja wa chumba cha nne, mwanamke, miaka 81, ana kisukari na presha. Leo saa moja asubuhi amechomwa insulini ya mchanganyiko, uniti 14. Sukari kabla ya sindano ilikuwa 9.1. Baada ya hapo amekataa uji na chai, anasema kichefuchefu. Sasa ni saa mbili na robo, sukari ni 4.6, presha 128 kwa 70, mapigo 98, joto 37.9. Yuko macho, anajibu, anatoka jasho. Amekubali maji ya sukari, vijiko vitatu. Naona sukari itaendelea kushuka, na hiyo joto inanitia wasiwasi. Naomba uniambie nimpe nini sasa, nipime kila baada ya muda gani, na sindano ya jioni iwe vipi."

Ukiisoma kwa sauti haifiki dakika moja. Daktari hajaombwa huruma, ameombwa uamuzi, tena ana kila kitu cha kuamulia.

Akisema "sawa" tu, usikate simu. "Sawa" si agizo. Muulize matatu: dozi iliyokosekana nimpe sasa au niiruke? Dozi inayofuata iwe ya kawaida? Nikiona dalili ipi nikupigie tena? Kamwe usijiongeze kwa kumpa mbili pamoja ili "kufidia". Na aliyetapika, usirudie dozi kabla ya kuuliza. Mwambie daktari ni dakika ngapi zimepita tangu ameze, na kama ulikiona kidonge kwenye matapishi.

Agizo likitoka, liandike akiwa bado hewani, kisha msomee. Namba kubwa zisome tarakimu moja moja: "moja, tano", kwa sababu kumi na tano na hamsini za Kiingereza hufanana mno simu ikikwaruza. Mkiwa wawili zamu, mwenzako asikilize kwa spika. Andika tarehe, saa, jina la daktari, maneno yake, saini yako, naye aje atie saini yake siku akifika. Usimwachie aondoke bila hiyo. Mfuate hadi kwenye gari ikibidi.

WhatsApp ni ya kijani na ya njano iliyo tulivu. Nyekundu haiendi WhatsApp, kwani alama mbili za buluu zinaonyesha ameona, hazionyeshi ameamua. Usipige picha ya chati yenye jina kamili na kuitupa kwenye grupu la wafanyakazi lenye walinzi na wapishi. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na habari za afya ya mtu zimo. Tuma kwa daktari mwenyewe, namba ya chumba tu, hivi: "Chumba 9, mwanaume, 76. Amekataa omeprazoli siku tatu (Jumatatu hadi Jumatano, 07:00). Sababu: anasema inamfunga choo. Anakula vizuri, tumbo laini, presha 134/80. Nasubiri ushauri hadi Ijumaa." Kisha ujumbe unakiliwa kwenye faili la karatasi, kwa sababu simu huibiwa.

Saba: asipopokea

Piga mara mbili ndani ya dakika kumi. Halafu panda ngazi, na ngazi hiyo iwe imebandikwa ukutani kabla ya siku ya shida: daktari wa pili, afisa tabibu wa kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali, pamoja na namba ya dereva mliyekubaliana naye bei ya usiku. Kwa nyekundu yenye dalili, degedege, kutojitambua, kupumua kwa shida, ngazi yote inarukwa na mnakwenda. Andika kila simu uliyopiga na saa yake, hata ambayo haikujibiwa.

Vijana huogopa. "Daktari atanifokea." Wengine hufoka, kweli. Nimefokewa saa tisa usiku kwa sababu ya prednisoloni, na asubuhi yule yule akaja kabla ya chai kumwangalia mgonjwa. Hakuniomba radhi, wala sikuitaka.

Nane: kosa likiwa letu

Umesahau. Ulikuwa peke yako na wazee ishirini na wawili, umeme ukakatika, mmoja akaanguka, ukakumbuka dozi ya saa mbili usiku ukiwa unakabidhi zamu alfajiri. Mpime mzee, mpigie daktari, sema "tumesahau", si "alikuwa amelala". Kwenye chati piga mstari mmoja juu ya kilichokosewa ili bado kisomeke, andika sahihi pembeni, tia saini na saa. Usitumie tipeksi, usichane karatasi. Na ninyi wakuu wa makao, mkimkata mshahara aliyesema "tumesahau", mwezi ujao hamtaona tena herufi S kwenye chati. Dozi zitaendelea kusahauliwa kama kawaida.

Mjulishe pia mwana au binti anayemlipia mzee, hasa pale dawa ilipokwisha. Usingoje kidonge cha mwisho: vikibaki vya siku saba, simu kwa jamaa; vikibaki vya siku tatu na hakuna jibu, simu kwa daktari aangalie kama kuna dawa mbadala ya bei nafuu au inayopatikana bure kituo cha afya cha serikali.

Tisa: makabidhiano

Zamu inapobadilika, kila duara kwenye chati linatajwa kwa mdomo, mkiwa mmesimama mbele ya kitanda, si ofisini. Nani, dawa gani, kwa nini, daktari kasema nini, kitu gani kinasubiriwa. Anayepokea anarudia. Daktari akija siku yake, kitu cha kwanza anachopewa mkononi, kabla ya chai, ni karatasi ya maduara yote ya wiki: amekosa nini, mara ngapi. Aione kabla hajagusa mashine ya presha.

Hajjati aliumia nyonga alipoanguka siku ile, akapona baada ya miezi. Daktari alifuta losartani, akamrudisha amlodipini 5, akamuuliza kwa nini alikuwa akivificha. Akasema miguu ilikuwa inamvimba, viatu vya msikitini havimwingii, na hakutaka kutuudhi kwa sababu tulikuwa watoto wazuri. Kuvimba miguu ni jambo amlodipini hulifanya, kila muuguzi analijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametazama miguu yake.